Kura Moja Iliyompandisha Janelle

Benchi lenyewe lilikuwa la kanisa. Wamethodisti wa Mtaa wa Tatu walipofunga milango, Arlo wa duka la vifaa alilichukua kabla halijawa kuni, akaliweka nje ya duka lake chini ya dirisha, na tangu siku hiyo limesikia umbea mwingi kuliko mahubiri yote liliyowahi kusikia. Kila asubuhi saa mbili, kama hakuna mvua na mahindi hayadai kazi, hapo ndipo wanapokaa wanaume watatu wa mji wa Koster, Iowa, kila mmoja na kikombe cha kahawa ya bure ya Arlo, nyepesi hadi unaona chini. Kushoto hukaa Profesa, jina lake Merle Kubicek, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini bila kufundisha darasa hata moja. Katikati hukaa Silo, yaani Duane Ites, ambaye ukimwona amesimama huna haja ya kuuliza jina limetoka wapi. Kulia, karibu na mlango wa wavu, hukaa Verlyn Tjaden. Mji mzima humwita Namba Mbili, naye hajawahi kulipenda jina hilo hata siku moja.

Alhamisi ile ya Agosti, ng'ambo ya barabara palikuwa na bango jipya. Si bango la kitoto. Lilikuwa pana kama mlango wa ghala, na juu yake alikuwa Janelle Hruska, meno yote nje, na chini ya kidevu chake imeandikwa kwamba anagombea Seneti ya jimbo.

— Meno yale kayanunua, alisema Verlyn.

— Acha zako, alisema Profesa. Mimi nimembeba Janelle kwenye basi langu tangu darasa la kwanza. Meno ni yake, isipokuwa labda yale mawili ya mbele aliyovunja kwa kukimbilia kiti.

— Unaona? Tangu utotoni anakimbilia viti.

Silo alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Verlyn hakucheka. Alikuwa analitazama bango, na ukweli ni kwamba roho ilikuwa inamuuma, inamuuma kweli kweli, kama jino bovu linalogusana na kitu cha baridi. Maana kichwani mwake uso ule ulikuwa umekosewa. Pale palipaswa kuwa na uso wa Verlyn Tjaden, na tai ile ya bluu aliyovaa siku ya harusi ya binti yake. Hata namna ya kupunga mkono alishaijua. Alikuwa akiifanyia mazoezi bafuni, mkewe akiwa sokoni.

— Hebu Profesa, nikumbushe, alisema Silo. Huyu mama kaanzia wapi mpaka leo anataka Seneti?

Profesa alikaa vizuri. Hakuna kitu alichopenda kama kuombwa historia.

— Kaanza kwa aibu. Miaka kumi na mitatu iliyopita karatasi za kura za bodi ya shule zilishachapwa, yeye ndiyo kwanza anaamka na kusema anataka. Akapita nyumba kwa nyumba akiomba watu waandike jina lake kwa mkono. Akapata kura kumi na moja.

— Kumi na moja! alisema Verlyn, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ukachangamka. Mbwa wangu angepata kumi na mbili.

— Miaka minne baadaye akarudi. Safari hii jina lake limechapwa. Upande mmoja yeye, upande wa pili...

— Tunajua, alisema Verlyn.

— Upande wa pili huyu ndugu yetu hapa. Janelle kura mia mbili na kumi na mbili. Verlyn mia mbili na kumi na moja.

— Tumesema tunajua!

— Miaka minne tena, hakuna aliyethubutu kusimama naye. Akapita bila kupingwa. Halafu wakamfanya mwenyekiti. Halafu ile habari ya mikate ya mdalasini.

Hapo hata Silo alivua kofia. Shule ya Koster, tangu enzi za bibi zao, siku ya mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga huwapa watoto mkate mtamu wa mdalasini pembeni, na mtoto huuchovya kwenye mchuzi. Mgeni akiona hukunja uso. Mkuu mmoja wa shule aliyetoka nje ya mji alipoifuta mikate ile, wazazi walilia, na Janelle akairudisha kwa kikao kimoja cha nusu saa. Kuanzia siku hiyo Koster ilikuwa yake.

— Mimi ningeirudisha kwa dakika kumi, alisema Verlyn.

— Ungeirudisha, Namba Mbili, alisema Silo kwa upole. Tatizo hukuwepo.

Ndiyo hiyo iliyokuwa ikimla Verlyn. Kiti kile cha bodi, kwa hesabu zake, kilikuwa chake. Kwenye sherehe ya uhuru ya Julai nne, Janelle alipita mbele ya mji akiwa kwenye gari la wazi anarusha pipi, na Verlyn alikuwa kando ya barabara kwenye kiti cha kukunja. Pipi moja ikampiga kwenye paji la uso. Akaiokota, akaila, na ilikuwa tamu, na utamu wenyewe ukamkera wiki nzima.

— Mimi nasema iko siku itajulikana ile kura moja ilitoka wapi, alisema Profesa.

— Ilitoka kwa Lorna!

Sauti hiyo ilitoka dukani, kupitia mlango wa wavu. Ilikuwa ya Ardith, mke wa Verlyn, aliyekuwa ndani akichagua vifuniko vya mitungi ya kioo ya kuhifadhia nyanya. Nyanya zilikuwa zimeiva zote kwa mpigo na jikoni kwake hapakuwa na pa kuweka mguu.

— Dada yangu mwenyewe, tumbo moja! aliendelea Ardith kutoka huko huko. Walikuwa wanashona pamoja, yeye na Janelle, kila Jumanne! Aliniapia kwa Biblia ya mama kwamba kampigia Verlyn. Kwa Biblia ya mama!

— Polepole, Ardith, alisema Arlo ndani. Unachanganya vifuniko.

Verlyn aliinamia kikombe. Miaka tisa Ardith na dada yake hawajasemezana. Kanisani mmoja hukaa upande wa piano, mwingine upande wa mlango. Mazishi ya shangazi yao walipeana mgongo, kila mmoja na bakuli lake la saladi ya viazi. Na Jumamosi hii, keshokutwa tu, Lorna alikuwa anahamia Arizona kwa mwanawe wa kike, na nyumba ilishauzwa. Usiku uliopita Ardith alimwambia Verlyn, huku anamenya nyanya, kwamba hataki hata kuliona gari la mizigo. Lakini alimenya nyanya ile ile mpaka ikaisha mkononi.

Kabla Verlyn hajameza mate, pikapu nyeupe ilisimama mbele yao. Akashuka Janelle mwenyewe, viatu vya shambani, boksi mkononi.

— Wazee wangu! Mnaniteta au mnanisifu?

— Tunakuteta, alisema Silo.

— Afadhali. Wanaonisifu wananiomba kazi. Shikeni mikate, ya moto hii.

Aliweka boksi katikati ya benchi. Harufu ya mdalasini ikapanda. Profesa na Silo hawakungoja. Verlyn alikunja mikono kifuani.

— Verlyn, nimekuja kwako hasa, alisema Janelle. Kona ya nyumba yako. Kila gari linalotoka barabara kuu linasimama pale kwako. Nakuomba niweke bango. Ukikataa sinuni, jirani, nakuapia.

— Nitamuuliza Ardith.

— Ardith hataki! ilisema sauti ya dukani.

Janelle alicheka, cheko la mtu asiye na deni na mtu.

— Basi nimejibiwa. Lakini nikwambie kitu, Verlyn, mbele ya mashahidi. Katika chaguzi zangu zote ni wewe peke yako uliyewahi kunitoa jasho. Usiku ule sikulala. Nilikuwa namwambia mume wangu, lau nisingejipigia mwenyewe, kwisha habari yangu.

— Kwa hiyo ulijipigia? aliuliza Verlyn.

— Sasa ningempigia nani? Mimi ndiye niliyekuwa najua nitafanya nini.

Akapanda pikapu, akapunga mkono, akaondoka. Alipunga vizuri. Verlyn aliona kiwiko kilivyokaa, akajua kwamba huyu hakuhitaji bafu.

— Hana haya, alisema. Kujipigia mwenyewe, na anasema barabarani mchana kweupe.

— Kula mkate, Namba Mbili, alisema Silo na mdomo umejaa. Hasira haishibishi.

Akala. Akala wa pili. Na kwa sababu watu wakishashiba mikate ya mtu ndipo wanapomchambua vizuri, benchi likachangamka.

— Mimi nasema ni marehemu Elmer, alisema Silo. Alituma kura yake kwa posta Ijumaa, akafa Jumapili, kura ikafika Jumatatu. Kura ya maiti ile.

— Elmer alimchukia Janelle kwa sababu ya ugomvi wa ua wa mpakani, alisema Profesa. Nisikilize mimi. Nilikuwepo makao ya kaunti siku Verlyn alipodai kura zihesabiwe upya. Karatasi moja ilikuwa na doa la kahawa. Doa lenyewe limeingia kwenye kiduara kilicho mbele ya jina la Janelle, limejaa vizuri, mviringo, kama limepakwa kwa kalamu. Wakalihesabu!

— Toka hapa!

— Kahawa, bwana! Kahawa ndiyo iliyomchagua.

— Kama ni kahawa ya Arlo isingeonekana kwenye karatasi, alisema Silo.

— Nimesikia hiyo! alisema Arlo kutoka ndani.

— Basi ni binamu yake wa Minnesota, alisema Silo. Wanafanana kama vikombe viwili. Nani alisimama pale mlangoni kutazama kama ameingia Janelle mmoja au wawili?

— Wewe mwenyewe ulimpigia nani, kwanza?

— Mimi? Nilikuwa juu ya mashine navuna. Mahindi yalikuwa makavu, theluji imeshatangazwa.

— Hukupiga kura! Profesa alishika kichwa. Miaka tisa unatafuta mwizi, na wewe hukuwepo!

— Sikuwepo ndiyo, kwa hiyo mimi ndiye nisiyeweza kushukiwa.

Walicheka. Verlyn naye alicheka, kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka kwa kuwaiga wenzake. Maana katika Koster nzima, kati ya walio hai na akina Elmer walio makaburini, mtu mmoja tu alijua kura ile ilitoka wapi, naye alikuwa amekaa mwisho wa kulia wa benchi na sukari ya mdalasini kwenye masharubu.

Ilikuwa hivi. Katika baraza la kanisa la Kilutheri la Koster, wakati wa kuchagua wazee, mtu hajiandiki. Baba yake Verlyn hakujiandika, wala babu yake. Unaandika jina la mwenzako unayeshindana naye, naye anaandika lako, kura zinafidiana, na wote mnarudi nyumbani na heshima zenu. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote, ni adabu tu. Kwa hiyo siku ile Verlyn aliingia kwenye kibanda cha kura, akashika kalamu, na mkono wake, mkono wa kina Tjaden, ukapaka kiduara cha Janelle Hruska. Alitoka pale akijisikia mtu mkubwa. Alikuwa na hakika kwamba Janelle, Mlutheri mwenzake, aliyebatizwa kwenye beseni lile lile, atafanya vivyo hivyo.

Angejipigia mwenyewe, angeshinda kwa kura moja.

Alidai kura zihesabiwe upya akiomba Mungu karani awe amekosea mahali. Karani hakukosea. Ardith alipoanza kutafuta msaliti, Verlyn alijiambia atamweleza hasira zikipoa. Ardith alipomfikia Lorna, alijiambia atamweleza baada ya Krismasi. Ikapita Krismasi. Na kila Janelle alipopanda ngazi moja, maneno yalizidi kumkwama, kwa sababu siku atakayosema, Janelle hatakuwa tena mwizi wa kiti. Atakuwa mama aliyepewa kiti, na aliyempa ni yeye. Wivu ulikuwa mali yake pekee iliyobaki kwenye uchaguzi ule, na alikuwa ameulinda miaka tisa kwa gharama ya dada wawili.

Hapo akaja mpeleka barua. Alikuwa mpya, Gwen Pacheco, mwanamke wa makamo kutoka Sioux City, hajamaliza hata mwezi, bado anasoma namba za nyumba kwa kunyoosha kidole.

— Wazee, habari za asubuhi. Nisaidieni. Lorna Behrends ndiye huyu wa Mtaa wa Tano? Nimeambiwa barua zake kuanzia Jumamosi ziende Arizona.

— Ndiye, alisema Profesa. Kaa, mama, pumzisha mgongo. Kuna mkate. Huyo Lorna ana kisa.

Gwen akaweka mfuko chini, akachukua mkate, akabaki amesimama. Profesa akamsimulia yote, kuanzia kura kumi na moja za kuandikwa kwa mkono hadi binamu wa Minnesota. Alimwonyesha Verlyn kwa kidole.

— Huyu ndiye aliyeibiwa. Kwa kura moja tu, mama. Moja! Na ya shemeji yake.

Gwen alitafuna, akamtazama Verlyn, akatazama bango, akamtazama tena Verlyn. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza kama mtu anavyouliza posta inafunguliwa saa ngapi.

— Na wewe mzee, ulimpigia nani?

Silo alipasuka kicheko.

— Swali gani hilo? Kajipigia mwenyewe! Mtu agombee halafu ampigie...

Hakumaliza. Kwa sababu Profesa, aliyekuwa kwenye baraza la kanisa kwa vipindi vitatu, na kwa vipindi vyote vitatu hakujiandika, alikuwa amegeuka taratibu kumtazama Verlyn, na mkate umemsimama mkononi.

— Verlyn, alisema Profesa. Hukujipigia?

Verlyn alijifuta sukari ya mdalasini kwenye masharubu. Ng'ambo ya barabara Janelle alikuwa anacheka na meno yote. Dukani mashine ya kahawa ya Arlo ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

— Sema basi, alisema Silo, na sasa alikuwa anabembeleza. Sema ulijipigia, tuendelee.

Mlango wa wavu ukafunguka. Ardith alisimama pale na vifuniko vya mitungi kwenye aproni, hajavitia hata mfukoni.

— Umeulizwa, Verlyn.

— Ardith...

— Mama wa watu kakuuliza jambo dogo. Mjibu.

Verlyn alimtazama mkewe. Akatazama viatu vyake. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na Ardith hakuhitaji zaidi ya hapo. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza midomo, halafu macho.

— Lorna aliapa kwa Biblia ya mama, alisema, bila kumlenga Verlyn wala mwingine yeyote. Na mimi nikamwambia ameinajisi.

— Nilitaka kukwambia, alisema Verlyn. Nilidhani na yeye angenipigia mimi.

— Nani?

— Janelle.

Profesa alifumba macho. Gwen Pacheco alichukua mfuko wake wa barua kimya kimya, akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyekanyaga kitu na hajui alichokanyaga ni nini.

— Funguo, alisema Ardith.

Verlyn akampa. Ardith akammwagia vifuniko vyote mapajani, vikalia na kutawanyika mpaka barabarani. Akafunga boksi la mikate iliyobaki, akalikumbatia. Aliingia kwenye pikapu yao, akawasha, kisha akashusha kioo.

— Mwambie Janelle alete bango lake. Lile kubwa kabisa. Asiliweke kwenye kona huko mbali, aliweke mbele ya dirisha lako, pale unapokalia kiti chako.

— Ardith, jamani, si lazima...

— Kura ulimpa, Verlyn. Mpe na dirisha.

Pikapu ilikwenda mpaka kwenye alama ya kusimama. Kushoto kulikuwa nyumbani na nyanya zinazongoja. Ilisimama pale muda mrefu kuliko sheria inavyotaka, taa ya kulia ikaanza kuwaka na kuzima, na Ardith akakata kona kwenda kwa Lorna.